Filamu Bubu za Kukodi: Tazama Dakika Kabla ya Kulipa

Mwezi uliopita nilikodi mtandaoni Broken Blossoms, filamu ya huzuni ya D. W. Griffith ya mwaka 1919, ili niitazame pamoja na mama yangu. Ndani yake kuna binti anayeteswa na baba yake, na baba huyo anapomwamuru atabasamu, Lillian Gish, anayemwigiza binti huyo, ananyanyua vidole viwili na kuzisukuma juu pembe za midomo yake, kwa kuwa uso wenyewe hauwezi tena. Katika nakala niliyopewa, tendo hilo lilipita kama mtu anayefukuza inzi, na mama akacheka. Sikumlaumu hata kidogo. Filamu ilikuwa ikikimbizwa: iliisha kabla ya dakika 70, ilhali matoleo mazuri huchukua takribani dakika 90.

Ndiyo maana sitazungumzia ung'avu wa picha wala ukubwa wa televisheni yako. Ninachokuomba ukichunguze ni kasi. Kabla ya sauti kuingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na idadi ya fremu, yaani picha moja moja za mkanda, kwa sekunde ilitofautiana kutoka filamu moja hadi nyingine. Sauti ndiyo iliyolazimisha kipimo kimoja cha fremu 24, na filamu iliyopigwa kwa fremu chache zaidi ikionyeshwa kwa kipimo hicho hukimbia. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 hubeba fremu 16, kwa hiyo mkanda wa futi 1,000 ukionyeshwa kwa fremu 16 kwa sekunde huchukua dakika 16 na sekunde 40, lakini kwa fremu 24 humalizika kwa dakika 11 tu na sekunde chache. Katika vichekesho haraka hiyo huweza kuvumilika. Katika filamu ya majonzi ni uharibifu mtupu, kwa sababu mhusika hana sauti, na yote aliyo nayo ni kusita kwake, kupumua kwake na namna anavyogeuza uso.

Nafasi ya kwanza naipa The Last Laugh ya F. W. Murnau, ya mwaka 1924, katika toleo la kampuni ya Kino Lorber, na sifichi kwamba jina la kampuni hiyo ndilo ninalolitafuta kabla ya jingine lolote. Emil Jannings ni bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa sare yake na kupelekwa kuhudumu chooni. Mabega yake hushuka polepole, na ushukaji huo ndio hadithi nzima, kwa kuwa filamu karibu haina maandishi ya skrini ya kueleza kinachosemwa. Zingatia pia kwamba ilitengenezewa negativu tatu, yaani mikanda ya asili inayotumika kuchapia nakala, ya Ujerumani, ya Marekani na ya nchi nyingine, na picha zake hazifanani. Toleo ninalolisifu lilitegemea ile ya Ujerumani, tena lina muziki wa Giuseppe Becce ulioandikwa kwa ajili ya filamu hiyohiyo.

Ya pili ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux, ya mwaka 1920, filamu ndefu ya zamani kuliko zote zilizosalia za mwongozaji Mwamerika Mweusi. Nakala yake ilipatikana Hispania ikiwa na jina La Negra, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikairejesha mwaka 1993, huku maandishi yakitafsiriwa upya kutoka Kihispania. Hapa pia chukua ya Kino Lorber.

Ya tatu, The Passion of Joan of Arc ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1928. Diski ya kampuni ya Criterion ya mwaka 2018 inayo kwa kasi mbili, fremu 20 na fremu 24, na mtazamaji huachiwa achague. Hiyo ndiyo heshima ninayoidai kwa kila muuzaji.

Badala yake tunapata nini? Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki nchini humo, hivyo mtu yeyote huweza kuchukua nakala iliyochakaa, akaipitisha kwa fremu 24, akabandika muziki wa piano usiohusiana na chochote, akaandika kwamba imerejeshwa, kisha akatoza bei ileile ya waliohangaika miaka kadhaa katika hifadhi za filamu. Nilipomwandikia aliyenikodishia nikauliza kasi ya nakala yake, nilijibiwa kwamba filamu za zamani ndivyo zilivyo. Si kweli! Ukiongeza kwamba baadhi ya matoleo mazuri hayafunguki kwa mteja aliye nje ya Marekani, utaona kwa nini nina hasira: mbovu inauzwa dunia nzima, nzuri inafungiwa.

Kwa hiyo linganisha dakika zilizoandikwa kwenye tangazo na zile za toleo la kuaminika, na pengo likizidi robo saa, usilipe.

Nakala za bei ya chini sana nazikataa, isipokuwa moja. Sunrise ya Murnau, ya mwaka 1927, ilitolewa ikiwa na muziki uliorekodiwa kwenye mkanda wenyewe kwa mfumo wa Movietone, na anayeikimbiza picha huukimbiza na muziki huo, masikio yakamsuta papo hapo. Hiyo, ikiwa na muziki wake wa asili, unaweza kuikodi hata kwa muuzaji usiyemjua.