Mama Ngina, Mombasa: matembezi juu ya jabali

Assalamu alaikum jamani, karibuni. Leo nachambua mahali. Niko Mama Ngina, mahali pa matembezi kando ya bahari, huku ambako sisi wa Mombasa tumezoea kuita Laithausi kwa sababu ya mnara wa taa wa Ras Serani.

Tazameni chini hapa. Huu ukuta ndio mwisho wa kisiwa. Chini yake ni jabali la matumbawe, limeliwa na mawimbi mpaka limefanya meno. Maji yanajaa sasa hivi, na likija wimbi kubwa chumvi inakurukia mpaka mdomoni.

Haya, ile meli mwaiona? Huu ndio mlango wa bandari ya Kilindini. Meli za makontena zinazokwenda bandarini hupita papa hapa, karibu hivi kwamba unawaona mabaharia wakitembea juu. Mwanangu anawapungia mkono na mmoja amemjibu, mtoto hajatulia tangu hapo! Kwangu mimi hili peke yake latosha kukutoa nyumbani.

Matembezi yenyewe ni raha. Pamekarabatiwa, na Mashujaa Dei ya 2019, ile sikukuu ya taifa, ilifanyiwa hapa. Njia ni pana, mabenchi yapo. Nimekuja na mama, goti lamsumbua, lakini twaenda mdogo mdogo, akichoka anakaa, anapigwa na upepo.

Kasoro ni jua. Saa saba mchana usije, kivuli cha maana ni cha mibuyu tu, hii mikongwe ambayo watu watatu hawaikumbatii wakaimaliza. Njooni baada ya alasiri. Na wenye watoto, tafadhalini sana, washikeni mkono. Nimeona vijana wameruka ukuta wapige picha ukingoni. Lile jabali linateleza na linameguka, wala huko chini si pa kuogelea.

Sasa mihogo. Yachomwa kwenye makaa, yapasuliwa katikati, yapakwa ndimu na pilipili ya unga, unapewa ingali yafuka moshi. Chukua na dafu. Ulizeni bei kabla hamjakaa, ndiyo adabu ya biashara hapa.

Wa Mombasa ambaye hajaja siku nyingi, lete wazee wako jioni moja. Mgeni, ukishamaliza Fort Jesus, njoo huku, si mbali.

Hebu ngojeni, meli nyingine hiyo yaingia. Nageuza kamera muione.