Kifaa cha kutia cheni mafuta chenyewe: karibu kituue mimi na abiria wangu

Mtu akikwambia ufunge kwenye pikipiki yako kile kifaa kinachotia cheni mafuta chenyewe, kataa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika siku ile tulipoanguka, mikono ikiwa bado imejaa mafuta. Leo siwezi kuyaacha maneno hayo yasimame peke yake, ila hasira ninayo bado.

Motari wa Goma, sisi tunaobeba abiria kwa pikipiki, hahitaji kuelezwa tunavyomaliza cheni. Vumbi letu ni mawe ya volkano yaliyosagika. Ukipita Buhene, pale lava ya 2021 ilipokata barabara ya Rutshuru, unarudi nyumbani cheni inalia kama mtu anayesaga mahindi. Miaka yote nilikuwa naipaka kila jioni kwa brashi na mafuta ya vidanji, yale machafu yanayomwagwa kutoka kwenye injini. Shemeji yangu anayeishi ng'ambo akaniletea hiki kifaa, nikafurahi kama mtoto.

Chenyewe ni kikopo cha mafuta na mirija miwili. Mmoja unaunganishwa kwenye injini, na mvuto wa hewa wa injini ndio unaofungua njia ya mafuta. Ukizima, njia inajifunga. Mwingine unashuka hadi kwenye pinyo kubwa la nyuma, lile duara la meno linalozungushwa na cheni, na kudondosha tone moja kwa dakika hivi. Pinyo likizunguka, lenyewe linayarusha mafuta hadi kwenye cheni.

Nikampelekea fundi mmoja mwenye jina kubwa mjini. Sitamtaja. Alifanya kazi simu ikiwa sikioni, akachukua dola zangu, akasema imeisha. Sikukagua. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kile kifaa kina kitufe cha kuzungusha, na kitufe kina alama ya kujazia mrija mara ya kwanza tu. Ukikiacha kwenye alama hiyo, mafuta yanashuka hata injini ikiwa imezimwa. Alikiacha hapo. Na ncha ya mrija hakuifunga kwa chuma chake, aliifunga kwa kamba ya plastiki, ikageuka ikatazama pine, yaani tairi.

Usiku kucha mafuta yakadondoka juu ya pine ndani ya parseli, uani kwangu. Asubuhi ilikuwa giza bado, mvua imenyesha, sikuona kitu. Nikampakia mama mmoja wa mtaa wa Virunga na beseni lake la sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Kona ya kwanza tu, gurudumu la nyuma likatukimbia. Mama akaanguka juu ya mawe, sambaza zote kwenye matope. Aliinuka akishika kiwiko, akaniuliza, «Papa motari, nimekukosea nini?» Sikuwa na jibu. Nikamlipa sambaza zake zote, na haki yake ilikuwa zaidi ya hapo.

Nikasukuma pikipiki hadi kwa fundi. Nilitaka neno moja tu, pole. Hata kuinama aangalie hakuinama. Akaniambia mbele ya vijana wake, «Hii ni kitu ya wazungu. Wewe uko motari, endelea na vidanji yako.» Vijana wakacheka. Nimeanguka mara nyingi kwenye kazi hii, lakini kucheka kule kuliniuma kuliko magoti. Kwa hiyo motari hastahili kitu kizuri? Cheni ya motari siyo cheni?

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa mtaa wa Majengo ambaye hana hata bango. Aliifunga ncha kwa chuma, chini ya pinyo, ikiligusa kabisa kwa ubavu. Akakuta hata mrija wa injini ulikuwa umelegea unavuta hewa. Kumbe ndiyo sababu pikipiki ilikuwa inazimika kwenye ralanti, injini ikiunguruma bila gesi. Akarudisha kitufe, tukakaa na saa mkononi tunahesabu matone.

Tangu hapo, miezi imepita, cheni iko kimya. Nimeikaza mara chache sana, na zamani ilikuwa karibu kila wiki. Mchanga bado unanata kwenye mafuta, hilo ni kweli, lakini mafuta mapya yanausukuma nje, na jioni napangusa tu. Ukipanda Kibumba asubuhi na ile baridi, mafuta yanakuwa mazito, matone yanachelewa, lazima ufungue kitufe kidogo. Ukirudi mjini, unapunguza.

Basi kifaa ni kizuri. Nimesema. Lakini kama hauna fundi unayemwamini kwa macho yako, baki na brashi, na hapa naongea nikiwa na uchungu: pesa ya kufunga sijarudishiwa, na yule mama wa sambaza, tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, halafu anapanda pikipiki ya mwingine. Kila asubuhi kabla ya kuwasha napitisha kwanza kidole kwenye pine.