Depo ya vyakula Kampemba: ofisini wanajua kazi, kushusha mzigo wanamwachia dereva

Nianze na mazuri, maana yapo, mtu asije akasema nimeandika kwa hasira. Depo hii iko Kampemba, hapa Lubumbashi, upande wa viwanda, nyuma ya ukuta mrefu wenye geti la bluu. Jina silitaji kwa sababu patroni wangu, mwenye lori ninaloendesha, bado anapeleka mzigo pale, lakini dereva yeyote anayetoka mpakani Kasumbalesa na unga wa Zambia ameshaijua. Njia ya kuingilia ni imara, haina matope hata wakati wa mvua, tela la ekseli tatu linageuka bila kugusa ukuta, na mlinzi wa getini ni mtu wa heshima: anakusalimia kwanza, ndipo anaomba karatasi. Katika mji huu kuna depo ambako mlinzi anakuomba pesa ya sukre, yaani ya soda, kabla hujazima injini.

Ofisi yao nayo naisifu. Mama anayepokea hati anasoma kila kitu: invoisi, orodha ya mzigo, karatasi za forodha. Analinganisha namba ya tela na namba iliyoandikwa, akiona kosa anapiga simu palepale, hakuambii urudi kesho. Choo kipo na kina maji. Nje ya geti yuko mama anayeuza kinywaji baridi cha munkoyo na mikate, na mchana anapika bukari, yaani ugali, na samaki wa thomson. Huyo si wa depo, ila namwandika hapa kwa sababu yeye ndiye aliyetushibisha siku ile.

Shida iko mlango wa nyuma.

Umerudisha tela, umefungua turubai, umekunja kamba. Magaziniye, yaani mtunza ghala, anatoka na daftari, anauangalia mzigo, anakuambia: "Haya, papa shofere, anza kushusha." Unamuuliza watu wako wapi. "Huku kwetu, papa, bashofere njo banashushaka." Yaani madereva ndio wanaoshusha. Anasema kwa upole kabisa, kama anayekuonyesha choo kilipo. Hajui kwamba nimeendesha tangu alfajiri baada ya kulala ndani ya kabini kwenye foleni ya mpakani, au anajua na haimhusu. Kutoka Kasumbalesa hadi hapa ni kama kilomita 90 tu, lakini nani asiyejua kwamba safari ile haipimwi kwa kilomita?

Na watu wa kushusha wapo! Wamekaa ukutani nje ya geti na kapita wao, yaani msimamizi wao, wamekunja mifuko mitupu kichwani kama kofia, tayari kwa kazi. Ila depo haiwalipi. Usipotaka kubeba, unawalipa wewe. Kapita alitaka dola 2 kwa tani, na sikumwona kuwa mwizi. Ni kazi ya mgongo na vijana wana nyumba. Kwa tani 30 hiyo ni dola 60. Pesa niliyopewa na patroni ilikuwa ya ushuru wa barabara, ya parkingi na ya kula. Ya kushusha haikuwemo.

Nikampigia patroni. Akasema depo ndiyo inayoshusha, hayo yalishaeleweka. Nikampigia muuzaji wa unga, huko Kitwe, Zambia. Akasema bei yake ni ya kufikisha Lubumbashi, basi. Nikarudi kwa magaziniye. Akasema patroni wake amenunua mzigo "mpaka ndani ya depo". Wakubwa watatu, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na yuniti za simu zilizoliwa ni zangu.

Mwisho tulifanya hivi: pesa yangu ya chakula ikalipa vijana wachache, mimi na motaboi wangu, yaani msaidizi wangu wa lori, tukapanda juu ya tela kuwasogezea mifuko ukingoni. Mifuko 1,200 ya kilo 25. Nina miaka 52.

Sasa naomba wenye depo wanisikilize vizuri, maana siandiki haya ili nionewe huruma ya kiuno. Wakati wa kushusha dereva ana kazi yake, na kazi hiyo ni kuhesabu. Anasimama kando ya mlango wa tela na daftari. Kila mfuko unaopita begani mwa kijana ni mstari mmoja. Mistari minne inasimama, wa tano unaikata. Magaziniye anasimama upande wa pili na daftari lake. Kila mkifika mia mnasimamisha watu, mnasomeana, mnakubaliana, mnaendelea. Mkipishana, mnabishana juu ya mia ile tu, siyo juu ya lori zima. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na wazee wa barabara hii, na hivyo ndivyo mtu anavyofika nyumbani na mshahara mzima.

Siku ile daftari lilikuwa moja, la magaziniye. Mimi nilikuwa nimeinama huko juu, unga na jasho vimeniziba macho. Vijana wenye nguvu hawachukui mfuko mmoja. Wanaomba wapandishiwe miwili, kilo 50, wapunguze kwenda na kurudi. Anayeandika akigeuka kujibu simu, miwili inakuwa mmoja. Ikifanyika mara chache tu kwa siku nzima, tayari una upungufu ambao haukutoka popote isipokuwa kwenye kalamu. Jioni magaziniye akafunga daftari: imepungua mifuko 7. Nilikata sili, kile kifungo chenye namba kinachoonyesha mzigo haujafunguliwa njiani, mbele yake asubuhi, sili nzima, namba ile ile ya kwenye karatasi. Akakubali kwamba sili ilikuwa nzima. Akaandika 7 vilevile.

Halafu iliyopasuka. Mmoja ulichanwa na msumari wa ubao wa tela, huo nausema wazi kuwa ni wetu. Miwili iliangushwa mlangoni mwa ghala, penye maji ya bomba lao linalovuja, sakafu inateleza kama sabuni. Watu wa depo wakaufagia unga wa juu, ule mkavu, wakautia kwenye ndoo, ndoo ikaingia ndani. Kwenye karatasi mifuko yote mitatu ikaandikwa kwamba imeharibiwa na msafirishaji. Unga wao, deni langu. Patroni alikata kwenye malipo ya safari.

Kuhusu haki iko wapi, sikubahatisha. Nilimuuliza wakala wa forodha aliyetushughulikia mpakani, mtu aliyezeeka kwenye makaratasi. Akaniambia nisome invoisi, mstari wa chini ya bei. Pale paliandikwa DAP Lubumbashi. Hizo ni herufi za Incoterms, kanuni za biashara zinazotolewa na Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris. DAP maana yake muuzaji anafikisha mzigo ukiwa juu ya gari, tayari kushushwa. Kuushusha ni juu ya mnunuzi. Wangetaka muuzaji ashushe wangeandika DPU, iliyoingia kwenye toleo la 2020, na katika kanuni zote 11 ni hiyo moja tu inayomtwisha muuzaji kushusha. Kwa hiyo yule bwana wa Kitwe alisema kweli. Depo yenyewe ilinunua DAP, ikaona nafuu ya bei, halafu ikataka DPU kwa mgongo wa papa shofere.

Liko na jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, tangu 2012, na OHADA ina sheria ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara iliyopitishwa 2003. Msafirishaji anajibia mzigo tangu anapoupokea mpaka anapoukabidhi. Lakini mpokeaji, au watu wake, wakishusha wenyewe na hasara ikatokana na kushusha huko, msafirishaji ana njia ya kujivua. Geuza sasa: dereva akishusha mwenyewe, au akiwalipa vijana kwa mfuko wake, vijana wanahesabika kuwa wake. Mfuko ukianguka kwenye maji ya depo, ni wa dereva. Sisemi kwamba magaziniye amesoma OHADA. Ila aliyepanga utaratibu ule wa "bashofere banashushaka" alijua anachokwepa.

Shemeji yangu anaendesha lori Marekani. Nilipomsimulia akacheka, akasema hata kule maghala ya vyakula yana tabia hiyo, tena sana. Tofauti ni kwamba sheria yao ya shirikisho inakataza kumlazimisha mwenye lori ashushe au alipe mtu wa kushusha. Mpokeaji akidai lazima msaidizi awepo, amtoe yeye au arudishe gharama. Katika kazi za kila siku dereva mara nyingi anatanguliza malipo, anachukua risiti, kampuni inamrudishia. Nilimwambia shemeji anitumie hiyo risiti kwa picha tu niione. Hapa kwetu kapita haandiki kitu, depo haipigi muhuri kwenye kitu ambacho inasema si chake, na patroni anasema bila karatasi harudishi. Mimi naitaka hiyo risiti kuliko hata nyongeza ya mshahara.

Tena si kwamba Katanga hatujui kushusha na kupakia. Nenda kwenye migodi upande wa Kolwezi uchukue shaba. Unavalishwa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, unasimamishwa nyuma ya mstari, na ukisogea karibu na foklifti unapigiwa kelele. Fungu moja la shaba ni kama tani 2 na zaidi, hakuna anayekuambia "papa, beba". Ni nchi moja na dereva ni yule yule. Akibeba shaba anaogopewa asiumie, akibeba unga anageuzwa kuli.

Depo hii nayo ina foklifti, ya manjano, nimeiona kwa macho inazunguka ndani na maziwa ya unga. Haitoki nje kwa sababu mzigo wetu unakuja bila palleti, mfuko juu ya mfuko, maana palleti inakula nafasi na uzito na mnunuzi hataki kuilipia. Hilo naelewa, biashara ya unga faida yake ni ndogo. Basi wangetoa hata vigari vya mkono. Walichonacho ni kimoja, gurudumu la kushoto halina upepo, kinakwenda upande kama mbuzi aliyefungwa. Vijana walikijaribu mara moja wakakiegemeza ukutani.

Nimesikia wenzangu wakisema: wewe ni mzee, mwachie motaboi, yeye ni kijana. Motaboi wangu ana kazi ya kulinda kabini, mafuta na betri, na kila dereva anajua kinachotokea nyuma ya ukuta kukiwa hakuna jicho. Halafu unga ni afadhali, mfuko wake ni mdogo. Siku wakileta mahindi ya ndani, yale magunia yanayojazwa mpaka yanashonewa kilemba juu, nani atabeba? Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Magunia yale sijawahi kuona yakipimwa mbele yangu, lakini watu wawili wanalipandisha begani mwa wa tatu, na huyo wa tatu anaanza kukimbia asije akakunjika magoti.

Kama ni nyota, ofisi naipa nne, geti nalipa nne, mlango wa nyuma naupa moja, na hiyo moja ni ya kapita, aliyewapa vijana wake maji na hakupandisha bei jua lilipokuwa kali.

Kwa anayepeleka mzigo pale: fika kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo mnakuwa malori matatu kwenye jukwaa moja na utalala nje. Usifungue turubai kabla hujauliza nani anashusha, maana ukishafungua umekubali. Soma invoisi, ukiona DAP mwonyeshe yule mama wa ofisini, siyo magaziniye. Yeye anaelewa herufi zile na anaweza kumpigia patroni wake. Ukilazimika kulipa vijana, lipa mbele ya mlinzi na umwombe kapita aweke alama ya kidole kwenye daftari lako pamoja na kiasi. Na hata wakuambie nini, usipande juu ya tela. Kaa chini na kalamu.

Patroni wangu na depo wamezungumza tangu siku ile. Mzigo unaofuata ni sukari, mifuko ya kilo 50, na kwenye hati ya safari ameandika kwa mkono wake: kushusha ni kwa mpokeaji. Hati ninayo kwenye kabini, na nakala nyingine nimeipiga picha kwa simu.