Mdomo Unaofunguka Bila Kuamriwa: Nimeitazama Un prophète Mara Tatu

Kuna sekunde chache katika filamu hii zilizonifanya nisimamishe, nirudishe nyuma, nitazame tena. Malik, mfungwa kijana aliyepewa ruhusa ya kutoka gerezani kwa siku moja, yuko uwanja wa ndege. Hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Anafika kwenye ukaguzi, ananyoosha mikono, anapapaswa kama abiria mwingine yeyote. Kwa abiria mwingine mambo yangeishia hapo. Malik anaachama, anatoa ulimi nje. Hakuna aliyemwamuru. Miaka ya kupekuliwa imemfundisha kwamba ukaguzi hauishi mpaka mdomo ufunguliwe, na mwili wake bado haujapata habari kwamba leo yuko nje.

Hakuna neno linalosemwa kutufafanulia hilo, wala muziki wa kutusukuma tulie. Lakini kwa kitendo kimoja cha ulimi nilielewa gereza limemfanya nini mtu huyu kuliko ambavyo ningeelewa kwa hotuba ya dakika kumi. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu waitafute Un prophète (kwa Kiswahili, Nabii), na wengi wanaiacha njiani kwa sababu ni ndefu, kama saa mbili na nusu. Kwa hiyo naandika uzoefu wangu hapa kwa urefu, nikieleza nilichokiona kwa wahusika na kwa jinsi picha zilivyopigwa. Nitataja mpaka mwisho wa hadithi. Kama hujaitazama na hupendi kujua mapema, itazame kwanza.

Ni filamu ya Ufaransa ya mwaka 2009, mwongozaji akiwa Jacques Audiard. Mwaka huohuo ilitunukiwa Grand Prix pale kwenye tamasha la filamu la Cannes, na mwaka 2010 ikazoa tuzo 9 za César, tuzo kuu za filamu za Ufaransa. Tahar Rahim, anayecheza kama Malik, alipata mbili usiku mmoja: ya mwigizaji bora wa kiume na ya mwigizaji chipukizi. Sifa hizo ndizo zilizonivuta mwanzoni. Nikaitazama, na kusema kweli mara ya kwanza sikuipenda sana.

Kosa halikuwa la filamu. Niliitazama kupitia huduma moja ya filamu mtandaoni, na maandishi ya tafsiri chini ya kioo yalikuwa ya aina moja mwanzo mpaka mwisho. Humo ndani watu wanazungumza Kifaransa, Kiarabu na Kikorsika, lugha ya kisiwa cha Corsica, na kujua nani anazungumza lugha gani mbele ya nani ndiyo roho ya hadithi yenyewe. Mimi niliona herufi nyeupe tu, zote sawa. Wakorsika walipokuwa wakipanga mambo yao mbele ya Malik, wakiamini haelewi, mimi nilidhani wanaongea Kifaransa na nikashangaa mbona wanaropoka siri mbele ya mtu baki. Nilipokuja kupata nakala nyingine iliyotofautisha lugha kwa aina ya herufi, ikawa kama nimefunguliwa dirisha. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: kabla hujaanza, hakikisha tafsiri inakuonyesha lugha inapobadilika. Bila hivyo unapoteza nusu ya filamu.

Tumwangalie Malik El Djebena. Ana miaka 19, amehukumiwa kifungo cha miaka 6, na anaingia gerezani hana mtu. Hana wa kumtembelea wala kundi la kujishikiza. Kusoma na kuandika ni kwa shida. Filamu inaanza gizani, kisha anaonekana kwa vipande vipande: uso, mikono, jeraha. Mpigapicha Stéphane Fontaine anamweka karibu mno na kamera, kiasi kwamba hujui chumba kina ukubwa gani wala mlango uko wapi. Mwanzoni nilichoka na kamera hiyo ya mkononi inayotikisika na kumganda mgongoni. Mara ya pili ndipo nilipoelewa kwamba kamera inajua tu kile anachokijua Malik. Yeye hajui gereza lina kona ngapi, basi na sisi hatuonyeshwi. Kadiri anavyozoea na kupata nguvu, picha nazo zinapanuka: tunaanza kuona uwanja mzima, nani amekaa na nani, nani anamkwepa nani. Ujuzi wake ndio unaotanua macho yetu.

Kuna mahali pengine picha inabaki duara dogo la mwanga lililozungukwa na weusi, kama unachungulia kwenye tundu la mlango. Wengine huiona kama madoido. Mimi naiona kama hofu. Mtu aliyebanwa haoni kila kitu. Anaona kitu kimoja kinachoweza kumuua au kumwokoa, na kwingine kote ni giza.

Sasa nifike kwa Reyeb, mfungwa mwenzake, maana bila yeye hakuna filamu. Wakorsika ndio wanaolitawala gereza wakishirikiana na baadhi ya askari, na mkubwa wao, César Luciani, anataka Reyeb afe kabla hajatoa ushahidi. Reyeb amemtamani Malik, kwa hiyo Malik ndiye anayeweza kumkaribia. Anapewa chaguo moja: umuue, au sisi tukuue wewe. Tunamwona akijifunza kuficha wembe shavuni. Anaujaribu mbele ya kioo, anautoa kwa ulimi na meno, anatema damu, anaurudisha tena. Nilijikuta nimeubana mdomo wangu mwenyewe. Sauti ndiyo inayoumiza hapo: bati dogo likigonga meno.

Siku ya siku anaingia seli ya Reyeb, na Reyeb anamfanyia wema. Anazungumza naye kama mtu na mdogo wake, anamuuliza habari za kusoma, anamwambia ajifunze, kwamba mtu akitoka humu angalau atoke na kitu kichwani. Malik anamsikiliza, damu imeshaanza kumchuruzika mdomoni kwa sababu wembe umemkata. Kinachofuata hakina ustadi wowote. Ni purukushani ya watu wawili wanaoogopa katika chumba chembamba, kamera nayo imebanwa katikati yao. Nimetazama filamu nyingi za magereza ambamo kuua kunaonekana kama mchezo wa ngumi uliopangwa. Hapa nilitamani kiishe, na hakikuisha haraka.

Baada ya hapo Reyeb anarudi. Anakaa na Malik selini, maiti inayoongea, na Malik hashtuki. Mara ya kwanza niliuona uamuzi huu kama kasoro: filamu yenye uhalisia hivi, mzimu wa nini? Sasa naona ndicho kitu cha kweli kuliko vyote. Reyeb yuko tu, chini ya taa ileile mbaya ya seli, kama mfungwa mwenza. Na ushauri wake unafuatwa. Malik anaenda darasani, mtu mzima anayeunga silabi kwa silabi, na ule utashi wa kusoma aliupata kwa mtu aliyemchinja. Ndiyo maana siwezi kumwita Malik shujaa, wala siwezi kumwita jambazi tu. Nilimshangilia karibu muda wote, kisha nikikumbuka ile seli najisikia vibaya. Kwa mara zote tatu jambo hilo halijapungua.

César Luciani, anayechezwa na Niels Arestrup, ni mnyapara wa aina ambayo sijaiona kwingine. Mzee mwenye nywele nyeupe, mnene kidogo, koti limemkaa vibaya, hana haraka. Hapigi kelele. Nguvu zake ziko kwenye benchi la uwanjani: anakaa pale, watu wake wamemzunguka, na yeyote anayetaka kitu inabidi auvuke uwanja ule mweupe kwa baridi kumfuata. Malik anakuwa mtumishi wake, wa kutengeneza kahawa na kutumwa huku na kule. Wakorsika wanamwona Mwarabu, Waarabu wanamwona kibaraka wa Wakorsika. Hali hiyo ya kuitwa huku na huku bila kukaribishwa popote, Rahim anaionyesha kwa mabega tu. Tazama anavyotembea mwanzoni, shingo imeingia ndani kama kobe.

Na wakati wote huo anasikiliza. Anajifunza Kikorsika kimyakimya kwa kuwahudumia. Siku anapomfunulia Luciani kwamba anaelewa kila neno, mzee anabaki kimya kitambo, na katika ukimya huo unaona mawazo mawili yakipigana usoni mwake: huyu ni hatari, na huyu atanifaa. Anachagua la pili. Baadaye, kijana akianza kuwa na shughuli zake, mzee anamkamata na kumkandamiza kijiko jichoni. Kijiko, chombo cha kulia. Nilifumba macho mara ya kwanza, lakini nilipotazama vizuri niliona kwamba mwenye hofu katika chumba kile ni Luciani. Watu wake wengi wamehamishiwa kwao Corsica, uwanja unamtoka mikononi, na kilichobaki ni kumuumiza yule mmoja aliyebaki karibu.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji aliangalie anapoitazama: filamu inahesabu nguvu kwa umbali. Nani anamfuata nani. Karibu na mwisho Malik anawekwa selo ya peke yake siku 40, na akitoka tunarudi uwanjani. Luciani amekaa benchi lilelile, peke yake. Malik amesimama upande wa pili pamoja na Waislamu, wale waliokuwa wakimtazama kama msaliti. Mzee anamwita kwa ishara. Malik haji. Luciani anainuka, anaanza yeye kuvuka uwanja, umbali ambao kwa miaka yote wengine ndio waliouvuka kumfuata, na kabla hajafika mtu mmoja anajitokeza na kumpiga ngumi ya tumbo. Anaanguka. Anainuka, anarudi alikotoka. Hakuna damu, hakuna neno la kulipiza kisasi, na ni moja kati ya matukio makali kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye filamu za jela. Kamera, iliyokuwa imewaganda watu usoni kwa saa mbili, hapa inakaa mbali ili tuuone uwanja wote. Ingekuwa karibu, umbali usingeonekana.

Gereza lenyewe lilijengwa kwa ajili ya filamu, na waliwaweka wafungwa wa zamani miongoni mwa waigizaji wa pembeni. Inaonekana. Korido zina rangi ya kijivu iliyochoka, mwanga unaingia kwa kubania, na watu wa nyuma hawafanyi kitu cha kuigiza. Wanasubiri tu, kama wanavyosubiri watu ambao wameshasubiri sana.

Sio kila kitu kilinikaa sawa. Katika nusu ya pili, Malik akianza kutoka kwa ruhusa na kuendesha mipango ya nje, majina yanakuwa mengi: Wakorsika wa ndani, Wataliano, Waarabu wa Marseille, biashara ya hashishi. Filamu inaandika majina ya wahusika juu ya picha ili kutusaidia, na hilo linasaidia kweli, lakini bado mara ya kwanza nilipotea. Ndoto ya swala wakivuka barabara, ambayo baadaye inatokea kweli na kumwokoa, ndiyo inayompa jina la nabii. Tukio lenyewe ni zuri mno, gari likimgonga mnyama gizani na watu waliokuwa karibu kumuua wakabaki wameduwaa, ila nahisi uzi huo ulihitaji kushonwa mapema zaidi. Na Djamila, mke wa rafiki yake Ryad, amepewa nafasi ndogo sana. Ryad ni kati ya watu wachache wanaompenda Malik bila kumtumia, anaugua saratani, na anamwachia familia yake. Mwanamke ambaye maisha yake yanaamuliwa na makubaliano hayo ya wanaume wawili, ningependa kumsikia akisema lake.

Lakini tazama wanavyompiga picha ile asubuhi ya mwisho. Malik anatoka, Djamila anamsubiri na mtoto, wanaanza kutembea pamoja kwa miguu, polepole, kama familia yoyote. Nyuma yao magari yanawasha na kuanza kuwafuata taratibu, mwendo wa kutembea, hayawapiti. Aliingia hana mtu. Sasa analindwa na msafara, na mimi sikujua nifurahi au niogope kwa ajili ya yule mtoto.

Mara ya tatu niliizima sauti kwa dakika 20 hivi kujaribu kama picha pekee zinatosha. Zinatosha kwa sehemu kubwa, isipokuwa kwa wembe. Wembe unahitaji sauti. Nikiitazama tena nataka kumfuata Luciani peke yake, tangu anapokaa benchi mara ya kwanza, nihesabu kila anapoinuka kumfuata mtu.