Kompyuta ya kurekodi tele chumbani: kwanza chomoa waya

Jumapili moja nilirudi nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, nikijua mechi ya Mazembe inanisubiri ndani ya kompyuta. Haikuwemo. Umeme ulikatika usiku, ukarudi asubuhi, nayo kompyuta ikakwama kwenye skrini nyeusi ikitaka nibonyeze F1. Saa yake ilisema tuko Januari 2017. Kwa kalenda hiyo, mechi ilikuwa bado kuchezwa.

Mwenye kosa ni pile, yaani betri ndogo: CR2032, kile kiduara mfano wa sarafu, volti 3, kinachotunza saa ya kompyuta ikiwa haina umeme. Kompyuta za okazioni, yaani za mtumba, huja na pile iliyochoka, na dukani huioni, kwa sababu pale mashine imechomekwa kutwa nzima na saa inakwenda vizuri. Sisi wa delestaji, yaani mgao wa umeme, ndio tunaogundua.

Kwa hiyo mambo ya prosesa sitayagusa sana. Kurekodi ni kumwaga tu kwenye diski kile kinachoingia kwenye antena au parabole (dishi). Core i3 ya kizazi cha 6 inatosha. Saa moja ya picha ya kawaida, megabiti 4 kwa sekunde, inakula GB 1.8 hivi. Diski ya GB 500 inabeba zaidi ya saa 250. Rekodi kwa faili za TS, maana umeme ukikatika katikati, kilichokwisha kuingia bado kinatazamika. MP4 mara nyingi hufa nzima. Chaneli za kulipia zisahau: zimefungwa kwa kadi, na waya wa HDMI wa dekoda una kufuli la HDCP linalozuia kunakili.

Namba moja kwangu ni Dell OptiPlex Micro, na sijifanyi mwamuzi asiye na timu. Ni ndogo, inakaa nyuma ya tele, chaji yake ya volti 19.5 ni ya jamii ya laptop za Dell, na kifuniko kinashikwa na skurubu moja. Bonyeza F2 ikiwaka, ingia Power Management, weka AC Recovery kwenye Power On: umeme ukirudi saa tisa usiku, inawaka bila wewe kutoka ndani ya chandarua. Tia NextPVR, programu ya kurekodi tele, ni ya bure, na inarekodi hata kama hakuna aliyeingia kwenye Windows kwa jina lake.

Lenovo ThinkCentre Tiny na HP EliteDesk Mini ni za pili. Zinao mpangilio huohuo wa kujiwasha. Ukizipata kwa bei nzuri, chukua, sitakununia.

Ya tatu ni laptop ya zamani, kwa kuwa betri yake inavuka kukatika kwa muda mfupi. Ila gusa upande wake wa chini kila mwezi: betri ikivimba, itoe chumbani siku hiyohiyo.

Vile visanduku vya bei rahisi visivyo na jina? Vingi havijiwashi umeme ukirudi. Basi.

Dukani omba wachomoe waya, ngoja dakika kumi, chomeka, tazama saa. Niliporudi kulalamika, muuzaji aliniambia, "Mama, hii inatoka Ulaya, iko muzima." Nikamwambia, "Papa, chomoa basi." Alikataa, eti itaharibika! Na huyohuyo, siku ya kununua, alikuwa ameinua dola zangu juani moja moja, akanirudishia ya ishirini kwa sababu ya mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto. Chenji akanipa kwa franka, kwa kiwango cha kichwani mwake.

Pile mpya nilipata kwa fundi saa wa soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Alipokea noti zangu zote, hata ile iliyoungwa kwa gundi.