TAHADHARI: Wanaojiita "idara ya malipo" wanawatoza watu ada ili mikeka yao (tiketi zao za beti) ilipwe

Wadau, mtu yeyote anayekwambia utume pesa kwanza ndipo ushindi wako wa beti utoke ni tapeli. Hata awe na nembo ya kampuni, hata alijue jina lako kamili na namba ya mkeka wako, ni tapeli. Msimtumie kitu.

Hawa siyo wale wauza mechi za kupanga tuliowazoea. Hawa wanawinda watu wenye malalamiko. Wanashinda kwenye maoni chini ya kurasa za kampuni za kubashiri, wakisubiri mtu aandike "mmenidhulumu mkeka wangu". Haupiti muda unapokea ujumbe faraghani, lugha ya kistaarabu kabisa: "Habari mteja wetu, tumepokea malalamiko yako, tafadhali tuma namba ya tiketi." Ukishaituma, wanakuja na picha ya skrini inayoonyesha pesa yako "imekwama", na kuanzia hapo ni ada juu ya ada.

Kijana mmoja wa kwetu walimpata hivyo hivyo. Alikuwa na mkeka wa mechi 4, odi (namba ambayo dau linazidishwa nayo ukishinda) 1.80, 2.10, 1.50 na 3.00. Ukizizidisha unapata 17.01, maana yake dau la 100 lingerudi 1,701. Mechi tatu zikakubali. Ile ya odi 3.00 ikaahirishwa kwa sababu uwanja ulijaa maji, na akalipwa 567. Akapandwa na hasira, akaandika hadharani kwamba ameibiwa. "Idara ya malipo" ikamfuata: mfumo umekosea, 1,134 yako ipo, lipa ada ya kufungua muamala. Akalipa. Ikaja kodi ya ushindi. Akalipa. Ukaja uhakiki wa akaunti. Hadi anashtuka, alichotuma kilikuwa kimeshazidi hicho alichokuwa anakidai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile 567 ilikuwa sahihi. Mechi ikibatilishwa ndani ya mkeka, odi yake inahesabiwa kuwa 1.00 na zilizobaki zinaendelea: 1.80 mara 2.10 mara 1.50 ni 5.67. Kampuni haikumdhulumu. Kama angeijua hesabu hiyo, tapeli angekosa pa kushika. Ndiyo maana nitakaa kidogo hapa, maana ukiwachunguza utaona karibu kila hadithi yao inasimama juu ya kanuni ya malipo ambayo mchezaji haijui.

Inayowaliza wengi ni ya dakika 90. Soko (aina ya beti) la kawaida la ushindi, sare au kufungwa huishia dakika 90 pamoja na zile za majeruhi. Dakika 30 za nyongeza na mikwaju ya penati hazimo, isipokuwa soko lenyewe liseme hivyo. Kumbukeni fainali ya Kombe la Dunia 2022. Dakika 90 ziliisha Argentina 2, Ufaransa 2. Baada ya 120 ikawa 3-3. Argentina wakashinda kwa penati 4-2. Aliyempa Argentina ushindi kwenye soko la kawaida mkeka wake ulichanika, kwa sababu pale ilikuwa sare. Aliyebeti Argentina kubeba kombe alilipwa. Watu wawili, timu moja, kombe mkononi, na mmoja hana kitu. Huyo asiye na kitu ndiye anayekwenda kulalamika, na ndiye tapeli anayemsubiri.

Mechi iliyokatika njiani ina mambo yake pia. Kila kampuni inaandika kwenye kanuni zake inasubiri muda gani kabla ya kubatilisha, na muda huo unatofautiana, kwa hiyo soma ya kampuni yako. Denmark na Finland mwezi Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani, mchezo ulisimama lakini ukamaliziwa jioni ile ile, Finland wakashinda 1-0. Brazil na Argentina mwezi Septemba mwaka huo huo ilisimamishwa dakika chache tu baada ya kuanza na haikurudiwa kamwe. Ya namna hiyo dau hurudishwa, ingawa kampuni nyingi hazibatilishi yale masoko ambayo jibu lake lilikuwa limeshapatikana kabla mchezo haujakatika.

Na matokeo yakibadilishwa baadaye mezani? Mara nyingi kampuni hushikilia matokeo ya siku ile. Afrika Kusini waliifunga Senegal 2-1 Novemba 2016, refa akafungiwa maisha mwaka uliofuata kwa kuvuruga mchezo, FIFA ikaamuru urudiwe, na Senegal wakashinda 2-0 Novemba 2017. Tapeli anapenda sana habari kama hizi. Atakwambia "matokeo yamefutwa, unastahili kurudishiwa dau, lipia usajili wa marejesho". Hakuna usajili wa namna hiyo popote.

Sasa msinielewe vibaya: kampuni hukosea kweli. Mfungaji anaandikwa siye, kona zinahesabiwa vibaya, mkeka unafungwa kimakosa. Makosa hayo hurekebishwa, na hurekebishwa bure. Unaingia kwenye akaunti yako mwenyewe, unafungua huduma kwa wateja ya humo ndani, unatoa namba ya mkeka na kueleza. Wakikataa na bado unaona una haki, nenda kwa mamlaka iliyowapa leseni. Uingereza, kwa mfano, kampuni yenye leseni inalazimika kukupa msuluhishi huru ambaye mchezaji hamlipi chochote. Haki ya kulalamika haiuzwi.

Kuhusu kodi, hapa ndipo wengi wanaposhikwa kwa sababu neno lenyewe linatisha. Penye kodi ya ushindi, ama kampuni inakata humo humo kwenye ushindi kabla ya kukulipa, ama mshindi anaitangaza mwenyewe kwa mamlaka ya kodi. Hakuna nchi ambako kodi ya beti inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi au pochi ya sarafu za kidijitali. Jiulize jambo dogo tu: kama kweli wana pesa yako, kwa nini wasikate humo?

Kitambulisho ni suala jingine. Kampuni halali itakuomba kitambulisho kabla ya kutoa pesa, na wakati mwingine inachelewesha kwa ajili hiyo, inakera lakini ni kawaida. Pia bonasi ina masharti ya kuizungusha mara kadhaa kabla ya kutoa. Lakini kuzungusha ni kucheza na kilichomo kwenye salio. Ukiambiwa "weka kiasi kipya sawa na ushindi wako ili akaunti ifunguke", umeshaingia kwenye tovuti ya matapeli. Tovuti hizo huwa zimeiga kila kitu, odi, ratiba, hata matokeo ya moja kwa moja, na mara nyingi hukuachia utoe kiasi kidogo mwanzoni ili uamini. Kabla hujaweka dau, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mamlaka inayotoa leseni, uifungue orodha hiyo mwenyewe, siyo kwa kiungo walichokutumia wao.

Tafadhali pia acheni kuweka namba za mikeka na picha za salio kwenye maoni ya watu wote. Ndizo zinazompa tapeli cha kukwambia. Na namba ya uhakiki inayokuja kwenye simu yako usimsomee mtu yeyote, awe anaongea kama nani.

Kama umeshatuma, wasiliana sasa hivi na mtandao wako wa simu au benki uombe muamala uzuiwe. Kadiri unavyowahi ndivyo inavyowezekana. Badilisha nywila ya akaunti ya kubeti na ya barua pepe. Hifadhi mazungumzo yote, namba na jina lililotokea wakati wa kutuma, kisha ripoti polisi na kwa kampuni ambayo jina lake limetumika. Halafu kaa macho, kwa sababu atakuja mwingine akijiita mtaalamu wa kurudisha pesa zilizotapeliwa, na ataanza kwa kukuomba ada ndogo ya kufungua faili.