Sola juu ya gari la kambi: chagua vifungio kabla ya paneli

Wengi wanaotengeneza gari la kulala safarini, iwe Land Cruiser ya 70 au Hiace iliyong'olewa viti, hukaa siku nyingi wakilinganisha wati na bei za paneli. Siku ya kufunga ikifika, fundi anauliza, "Hii tunaikamatisha na nini?" Jibu linatafutwa papo hapo, kwa bolti zozote zilizopo gereji. Hapo ndipo hela inapopotea. Paneli ya kawaida iliyofungwa vizuri itakuhudumia kwa miaka. Ya gharama iliyofungwa ovyo itavujisha paa, itapasuka, au itang'oka barabarani na kumwangukia aliye nyuma yako.

Vitu viwili ndivyo vinavyoamua kifungio kipi ni bora. Cha kwanza ni upepo. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hewa inasukuma kwa takriban newtoni 460 kwa kila mita moja ya mraba, karibu uzito wa kilo 47. Ikipenya chini ya ukingo wa mbele wa paneli, inaibeba juu. Cha pili ni joto. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli (vipande vya ndani ya paneli vinavyozalisha umeme) zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo hula kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Seli zikifika nyuzi 65, jambo la kawaida mchana wa jua kali, paneli ya wati 100 imeshapoteza wati 12 hadi 16. Kwa hiyo kifungio kizuri kinaikamata paneli na wakati huohuo kinaacha hewa ipite chini yake, angalau sentimita 2 au 3.

Nafasi ya kwanza: juu ya keria

Kama gari lako lina keria, au lina mfereji wa mvua pembeni mwa paa kama Land Cruiser za 70, usihangaike na njia nyingine. Keria inashika mfereji, paneli ya kioo yenye fremu ya alumini inafungwa kwenye vyuma vya keria, na paa halitobolewi hata tundu moja. Hewa inapita, na siku ya kuuza gari unafungua bolti unaondoka na sola yako.

Hesabu uzito kabla ya kununua. Paneli ya kioo ya wati 100 ina kilo 6 hadi 8 hivi. Ongeza keria yenyewe, hema la juu na madumu, kisha linganisha na kiwango ambacho mtengenezaji wa gari ameruhusu juu ya paa. Angalia pia kivuli. Hema likifunika kona moja tu ya paneli, umeme unaoshuka ni mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo, na moja ikizibwa inabana umeme wa nyingine. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na pale zinapogusa alumini weka washa za nailoni katikati. Kwa gari linaloishi Tanga, Mombasa au Bagamoyo hili ni la lazima, maana hewa ya chumvi huila alumini iliyogusana na chuma.

Ya pili: vyuma vya Z vya kutoboa

Hivi ni vipande vya alumini vilivyokunjwa mfano wa herufi Z, kimoja kila kona, vingine viwili katikati kwa paneli kubwa. Ni bei nafuu na hushika sana kwenye paa la bati la gari. Tatizo ni matundu. Skrubu zinazong'ata bati peke yake hulegea kwenye barabara za vumbi zilizokunjamana, kama ile ya kutoka lango la Naabi kuingia Serengeti. Mwambie fundi apitishe bolti hadi ndani, aweke bamba chini ya bati kugawa uzito, na azibe kwa gundi ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni isipande kwenye paa hilo. Haishiki vya kutosha, na ikishapakwa, gundi nyingine haikamati vizuri juu yake. Uvujaji hauji kwa kishindo. Utaona doa la kahawia kwenye dari, na kufikia hapo mbao za ndani zimeshaanza kuoza.

Ya tatu: pembe za plastiki za kubandika

Hizi hushika kona za paneli na hubandikwa kwenye paa kwa gundi, bila kutoboa. Kwa paa la fibaglasi ningezipandisha hadi nafasi ya pili, kwa kuwa fibaglasi nyembamba haipendi kutobolewa. Lakini zinategemea kabisa usafi wa kazi: rangi iliyoanza kubanduka ikikaa chini ya gundi, kinachoshikilia paneli yako ni hiyo rangi. Paa lisuguliwe, lifutwe kwa spiriti, gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla gari halijaondoka.

Ya mwisho: paneli laini inayopindika, ya kubandika bapa

Inavutia kwa sababu ina kilo 2 tu na haionekani. Kwa jua letu, siishauri. Imelala juu ya bati bila hewa, joto halina pa kutokea, na plastiki ya juu hufifia mapema. Iache kwa paa lililojipinda au lisilobeba uzito.

Usitoe hela kwa miguu ya kuinamisha paneli kama unazunguka Afrika Mashariki. Nairobi iko nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, Arusha 3. Jua la mchana linapita karibu na utosi, hivyo paneli ikilala bapa unapoteza kidogo sana. Aliye Ulaya, anayetegemea jua la chini la majira ya baridi, ndiye inayomfaa.

Kazi ikiisha, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya barabara mbovu ya kwanza panda juu uangalie: mstari uliokatika unakuonyesha nati iliyozunguka, kaza hiyo kabla hujaendelea.